Chumvi Chini ya Rangi: Kuandaa Bodi ya Gari Kisiwani Mafia

Kisiwa cha Mafia, ambacho pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka ni wilaya ya Mkoa wa Pwani iliyo mkabala na delta ya Mto Rufiji, ni mahali ambapo bati la gari halipati mapumziko. Mawimbi yanapovunjika juu ya miamba ya matumbawe hurusha matone madogo ya maji ya bahari, upepo huyachukua matone hayo na kuyakausha njiani, na kinachofika nchi kavu ni vumbi la chumvi lisiloonekana kwa macho, ambalo hutua juu ya boneti na paa, huingia ndani ya milango kupitia upenyo wa vioo, na kujikusanya katika mikunjo ya bati ambako kitambaa cha muoshaji hakifiki. Kisiwa kina urefu wa kilomita 50 hivi, lakini ni chembamba kiasi kwamba hakuna kijiji kilicho mbali na bahari: barabara ya lami inayotoka Kilindoni, makao makuu ya wilaya upande wa magharibi, hadi Utende kwenye Ghuba ya Chole, ina takriban kilomita 14 tu. Mvua nayo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa sababu hizo, kupaka gari rangi upya kisiwani humo ni kazi ya kupambana na chumvi kwanza na kazi ya rangi baadaye, na sehemu kubwa ya sura hii inahusu siku zinazotangulia kufunguliwa kwa kopo la rangi, kwa kuwa ndizo zinazoamua kama gari litabaki zuri kwa miaka au kwa miezi.

Kutu hutokea chuma kinapoungana na oksijeni palipo na maji. Bati likilowa, sehemu moja ya uso wake hupoteza elektroni na kuanza kuyeyuka kidogo kidogo, huku sehemu iliyo jirani ikizipokea elektroni hizo, na kwa njia hiyo kipande kimoja cha bati hugeuka kuwa mkusanyiko wa betri ndogo ndogo zinazojila zenyewe. Maji matupu huendesha mkondo huo wa umeme polepole, lakini maji yenye chumvi huuendesha kwa kasi, kwa kuwa chembe za kloridi zilizomo hupitisha umeme kwa wepesi na hupasua utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Chumvi ina tabia nyingine ambayo wenye magari wengi hawaizingatii, nayo ni kwamba huvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ndani yake mna magnesi, hulowa hata kabla ya hapo. Ndiyo maana gari lililoegeshwa chini ya banda, lisiloguswa na tone la mvua kwa wiki kadhaa, huendelea kuoza usiku kucha likiwa limesimama.

Magari mengi yaendeshwayo Tanzania yalitumika kwanza Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, na yale yanayokwenda Mafia huvushwa kutoka Nyamisati hadi Kilindoni yakiwa kwenye sitaha iliyo wazi kwa upepo wa bahari. Yalipotoka kiwandani yalikuwa na kinga ambayo gereji haiwezi kuirudisha. Bati la bodi husafishwa kwa kemikali na kupewa utando wa fosfeti ya zinki. Kisha bodi nzima huzamishwa katika birika kubwa la prima, ambayo ni rangi ya chini ya kushika chuma na kukikinga, na kupitishiwa umeme ili prima ivutwe hadi ndani ya mikunjo. Mwisho huokwa kwenye tanuri kabla ya kupuliziwa tabaka zinazofuata. Tabaka zote kwa pamoja, kuanzia prima hadi klia, yaani rangi angavu ya juu inayotoa mng'ao na kuzuia jua, huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, sawa na sehemu ya kumi ya milimita na kidogo juu yake. Ganda hilo jembamba, likiwa bado limeshika, ni bora kuliko chochote kitakachopakwa chini ya mwembe na fundi hodari kuliko wote, na kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba rangi ya kiwandani iliyo nzima isivuliwe. Ikwanguliwe mng'ao tu kwa msasa laini ili rangi mpya ipate pa kushika, na bati liachwe uchi pale tu kutu, ufa au pigo linapolazimisha.

Historia ya upuliziaji inasaidia kueleza kwa nini maandalizi yamepata uzito huo. Chombo cha kupulizia kilitokana na tiba: daktari wa Kimarekani aliyeitwa Allen DeVilbiss alibuni mwishoni mwa karne ya 19 kifaa cha kunyunyizia dawa kooni, na mwanawe Thomas akakiendeleza mwanzoni mwa karne ya 20 hadi kikawa mashine ya kupulizia rangi. Wakati huo gari lilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kukaushwa kwa siku nyingi. Rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, ambayo kampuni za DuPont na General Motors ziliileta sokoni katika miaka ya 1920, ilikauka haraka mno kwa brashi na ikahitaji kupuliziwa, na hapo muda wa kupaka ukapungua kutoka wiki hadi saa. Brashi ilikuwa ikifunika mikwaruzo midogo kwa unene wa rangi yake, jambo ambalo rangi ya kupulizia, kwa wembamba wake, haiwezi, kwa sababu kila alama iliyoachwa chini yake hujitokeza juani.

Ukaguzi wa gari lililokaa Mafia huanzia chini. Fundi bodi hutazama vizingiti vya milango, yaani maboksi marefu ya bati yaliyo chini ya milango kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Hupitisha vidole nyuma ya mdomo wa madigadi, ambako mchanga mwepesi wa barabara za vijijini hurushwa na tairi na kukaa ukiwa umelowa. Huinua mazulia ya ndani. Na hutafuta matundu ya kutolea maji yaliyotobolewa kiwandani chini ya kila mlango. Matundu hayo, ambayo kipenyo chake ni kidogo kuliko ncha ya kidole, ndiyo chanzo cha uharibifu mwingi kuliko jua na mawe ya njiani, kwa kuwa yakizibwa na mchanga, maji ya mvua yaliyopita kando ya kioo hubaki ndani ya mlango na kuuozesha kuanzia ndani kuja nje. Rangi iliyotutumka upande wa nje ni habari iliyochelewa. Fundi akiisukuma kwa ncha ya bisibisi na bati likabonyea, kazi imekwisha kuwa ya kukata na kuchomelea, si ya rangi tena.

Paa nalo lina mashaka yake katika kisiwa chenye minazi mingi, kwani nazi ikianguka kutoka juu huacha shimo pana lisilo na kina kirefu, na paa hukunjwa kwa namna ambayo rangi hupasuka kwa nyufa nyembamba zinazozunguka pigo. Nyufa hizo hazionekani mpaka bati lilowe. Maji huingia humo, chumvi hufuata, na baada ya masika moja kutu hutambaa chini ya rangi iliyokuwa nzima. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa humsaidia mnunuzi kugundua mapigo ya zamani yaliyofichwa, kwa kuwa hushika kwa nguvu kwenye bati na huteleza penye puti nene, yaani uji wa kujazia mabonde ya bati.

Hatua inayofuata, ambayo gereji za bara huipitia kwa dakika chache, ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote Mafia, nayo ni kuosha. Lengo si kuondoa matope bali kuondoa chumvi, na chumvi haiondoki kwa msasa. Msasa huisukuma ndani ya mikwaruzo unayoichora, na thina, ambayo ni kiyeyusho cha rangi na mafuta, haiyeyushi chumvi hata kidogo. Kiyeyusho cha chumvi ni maji, na hapo ndipo penye mtego wenyewe, kwa kuwa maji ya visima vilivyo karibu na ufuko mara nyingi yana chumvichumvi kutokana na bahari kupenya chini ya mchanga. Bati lililooshwa kwa maji hayo na kukauka hubaki na utando mwembamba wa chumvi usioonekana. Rangi ikipakwa juu yake, itang'aa siku ya kukabidhi gari na itaendelea kung'aa kwa majuma, lakini kila tabaka la rangi hupitisha mvuke wa maji kwa kiasi fulani, na chumvi iliyofungiwa chini itauvuta mvuke huo hadi yatokee malengelenge madogo yaliyojaa maji. Mwenye gari humlaumu muuza rangi, fundi humlaumu muuza thina, na kosa lilikuwa kwenye ndoo ya kuoshea.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani wakati wa masika na kuhifadhiwa kwenye tangi yana chumvi kidogo sana, hasa ikiwa mvua za mwanzo zilizoosha paa hazikukingwa, na lita chache za maji hayo zikitengwa kwa ajili ya suuza ya mwisho zinatosha gari zima. Gari huoshwa kwanza kwa sabuni na maji mengi, uvunguni na ndani ya milango kabla ya juu. Sehemu zenye kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, huoshwa, huachwa zikauke na kuoshwa tena, kwa kuwa kloridi hujificha ndani ya vishimo vya kutu na haitoki kwa mara moja. Ishara ya kwamba bado imo huonekana baada ya usiku mmoja: vidoa vyeusi au vya hudhurungi hurudi katika bati lililoachwa likiwa jeupe jioni. Fundi anayeviona vidoa hivyo asubuhi anapaswa kurudia kuosha, hata kama mwenye gari amesimama pembeni akiuliza rangi itapuliziwa saa ngapi.

Mafia ina elimu ya zamani ya jambo hili, ingawa haikuzaliwa gereji. Mafundi wa vyombo wa Jibondo na Chole, ambao ufundi wao wa kuunda mashua na majahazi unajulikana pwani nzima, wanaelewa kwamba kinga ya chombo huanzia kwenye mbao safi na kavu. Chombo hupandishwa nchi kavu wakati wa bamvua, tumbo lake hukwanguliwa, maungio ya mbao hukalafatiwa kwa kusindikwa pamba iliyotiwa mafuta, mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Hakuna nahodha anayeamini kwamba deheni aliyopaka mwaka huu itamfaa maisha yake yote, wala anayeona aibu kuirudia. Mwenye gari angefaidika sana akilichukulia bati lake kwa mtazamo huohuo: kwamba rangi ni tumbo la chombo lililokabidhiwa bahari, lenye kuhitaji kutazamwa kila msimu, na kwamba maungio ndiyo yanayovuja kwanza. Asichopaswa kuiga ni desturi ya baadhi ya madereva ya kupaka oili chafu ya injini uvunguni, kwa sababu oili hiyo hushika mchanga wenye chumvi, hulegeza raba, hudondoka ardhini, na siku ya kupaka rangi hufanya bati likatae kushikwa na chochote.

Bati lililooza hukatwa hadi kufikia chuma kizima, si hadi mwisho wa tundu linaloonekana, na kiraka huchomelewa kwa vituo vifupi vilivyoachana ili joto lisilipinde bati. Upande wa nyuma wa kiraka ndio husahauliwa. Joto la kuchomelea huunguza rangi ya ndani ya boksi, kwa hiyo baada ya bodi kupakwa ni lazima nta ya kinga au mafuta mazito yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo yaingizwe ndani ya vizingiti na milango kwa mrija mrefu. Kutu nyepesi iliyobaki kwenye vishimo huweza kutibiwa kwa dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kuwa utando mweusi wa fosfeti ya chuma, lakini dawa hiyo nayo yafaa isafishwe kama maelekezo ya kopo yanavyosema, maana asidi iliyoachwa chini ya prima huibandua.

Baada ya bati kunyooshwa kwa nyundo na kitalu cha chuma kinachoshikwa upande wa pili, mabonde madogo yanayobaki hujazwa puti. Puti ya magari ni uji mzito wa poliesta na unga wa talki, unaogandishwa kwa hadina, kigandishi chenye peroksidi kinachouzwa katika mrija mdogo pamoja na kopo. Kipimo cha kawaida ni asilimia 2 hivi ya hadina kwa uzito, na katika joto la Mafia kipimo hicho hugandisha puti kwa dakika chache tu, ndiyo maana mafundi wazoefu huchanganya kiasi kidogo, kinachotosha viganja viwili vya eneo, na huchanganya juu ya kipande cha bati au kioo, si juu ya boksi la karatasi linalonyonya poliesta na kuharibu uwiano. Rangi ya mchanganyiko hueleza kila kitu: mistari ya wekundu wa hadina ikionekana bado, puti itaganda mahali na kubaki laini mahali, wekundu ukizidi, peroksidi ya ziada itapanda hadi kwenye rangi ya juu na kuacha madoa ya manjano ambayo hayafutiki. Puti haipaswi kuzidi unene wa milimita 3 hivi. Inayozidi hapo hupasuka bodi inapotikisika barabarani, na kibaya zaidi, puti hunyonya maji, hivyo kuipiga msasa wa maji, kama wanavyofanya wengi kwa kuhofia vumbi, ni kuijaza unyevu utakaokwenda kuula ule upande wa bati usioonekana. Vumbi lake lizuiwe kwa barakoa, msasa uwe mkavu, na puti isiachwe wazi usiku mmoja bila prima katika hewa ya kisiwani.

Msasa hupangwa kwa namba, na namba ikiwa ndogo chembe zake huwa kubwa. Puti huanza kuchongwa kwa namba 80 iliyofungwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, kwani mkono mtupu hufuata mabonde badala ya kuyaondoa. Hufuata 180, kisha 240 au 320. Prima ya epoksi, ambayo huungana na hadina yake na kuwa ganda gumu lisilopitisha unyevu kwa urahisi, hupakwa juu ya bati tupu siku ileile lilipokauka, na juu yake huja prima ya kujaza, iliyo nene, ambayo hupigwa msasa wa 400 hadi 600 ili kupata uso sawa. Kabla ya kuipiga, mafundi makini huinyunyizia ukungu mwepesi wa rangi nyeusi. Msasa unapopita, weusi huondoka penye kilima na kubaki penye bonde, na hivyo kasoro ambayo jicho lingeiona siku ya mwisho huonekana mapema, wakati bado inaweza kurekebishwa kwa kijiko cha puti.

Hali ya hewa ndiyo inayompangia fundi wa Mafia siku ya kupulizia. Hewa hubeba mvuke wa maji kwa kadiri ya joto lake, na kipo kipimo cha joto, kiitwacho joto la umande, ambacho kitu kikipoa hadi kukifikia hutokwa na maji juu yake. Hewa yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, ambayo si ya ajabu kisiwani, ina joto la umande la nyuzi 25 hivi, na kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa rangi ni kwamba bati liwe na joto linalozidi joto la umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Nafasi iliyobaki ni finyu mno. Tena thina inapopaa hulipoza bati kwa nyuzi kadhaa, unyevu hutua juu ya rangi mbichi, na rangi hupata ukungu mweupe usiotoka kwa polishi. Thina inayopaa polepole, iliyotengenezwa kwa nchi za joto, hupunguza hatari hiyo, na thina ya bei rahisi inayopaa haraka huiongeza. Asiye na kipimajoto anaweza kufuta eneo dogo la bati kwa kitambaa chenye majimaji na kutazama: lisipokauka ndani ya robo saa, kazi iahirishwe. Kompresa nayo, yaani mashine ya kushindilia hewa, hukamua maji kutoka hewani na kuyakusanya kwenye tangi lake, na katika mazingira haya tangi hilo hupaswa kufunguliwa na kumwaga maji mara kadhaa kwa siku, la sivyo matone yatatoka pamoja na rangi.

Aprili na Mei, masika inapopamba moto, si miezi ya kupaka gari nje. Kusi likishika, kuanzia Juni, hewa hukauka kidogo lakini upepo hupeperusha mchanga na chumvi, na uso uliosuuzwa asubuhi huwa umepata chumvi mpya ifikapo alasiri. Wakati unaofaa zaidi ni ule wa maleleji, kusi linapolegea kabla ya kaskazi kuanza na kabla ya vuli kuja, na saa zinazofaa ni kuanzia saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha kupaa, hadi saa tisa. Palipo na gereji ya makuti, kuta za turubai na sakafu iliyomwagiwa maji baridi kidogo ili vumbi litulie huleta tofauti kubwa kuliko mashine mpya ya kupulizia.

Kupulizia kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Mashine huwekwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye bati, mkono hutembea sambamba na uso bila kuzungushwa kiwiko, kila mkupuo hufunika nusu ya uliotangulia, na tabaka mbili au tatu nyembamba hupewa dakika kumi au zaidi za kupumua kati yake. Rangi ikikauka kabla ya kujinyoosha, uso hubaki na vinundu kama ganda la chungwa. Vishimo vya mviringo vinavyofunguka katika rangi mbichi hutokana na mafuta au polishi yenye silikoni iliyobaki kwenye bati, na mkono uliotoka kushika mafuta ya nazi ukigusa uso uliokwisha kufutwa hutosha kuharibu mlango mzima.

Lililo zito zaidi ni pumzi ya fundi. Rangi na klia za kisasa zinazochanganywa na hadina zina isosaianeti, kemikali ambazo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini duniani, na mtu aliyekwisha kuathirika nazo huweza kubanwa na kifua kwa kiasi kidogo sana hata baada ya miaka. Isosaianeti haziwezi kunuswa katika kiwango kinachodhuru, kwa hiyo pua si mlinzi, na kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chochote. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na kijana anayejifunza kazi chini ya mti hastahili mapafu dhaifu kuliko ya mwenzake wa kiwandani. Watoto wanaokuja kutazama waondolewe mbali.

Takataka za kazi hii zina uzito wake mahali hapa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye eneo la kilomita za mraba 822, imeikumbatia sehemu ya kusini ya kisiwa, matumbawe yake na vijiji vyake, na udongo wa kichanga hauzuii kitu: thina iliyomwagwa nyuma ya gereji huzama kuelekea maji yaleyale ya visima. Thina iliyotumika kuoshea mashine ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko. Baada ya siku chache rangi hutuama chini, na thina iliyojitenga juu hufaa kuoshea tena vifaa. Vumbi la puti nalo lizolewe likiwa kavu, kabla mvua haijalipeleka ufukoni.

Kuhusu uchaguzi wa rangi, nyeupe isiyo na chembe za metali ina faida ambazo wamiliki huzidharau. Haifyonzi joto kama nyeusi. Kiraka chake huungana na rangi jirani bila kuonyesha mpaka, tofauti na rangi ya fedha, ambayo chembe zake za alumini hulala kwa namna tofauti kila mkono unapobadilika. Na uzi wa kutu ukianza kuchuruzika kwenye ungio, huonekana mara moja. Namba ya rangi ya kiwandani huandikwa kwenye kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, na kwa Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe na 1F7 ni ya fedha, hivyo anayeagiza rangi Dar es Salaam hana haja ya kukisia. Anayebadilisha rangi kabisa akumbuke kwamba rangi ni miongoni mwa taarifa zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mabadiliko hayo yanapaswa kuwasilishwa huko, ama sivyo gari na kadi vitapingana mbele ya askari wa usalama barabarani.

Rangi mpya huonekana kavu siku ya pili, lakini huendelea kukomaa kwa majuma kadhaa, na katika muda huo haifai kupakwa nta wala kusuguliwa kwa sabuni kali. Maji baridi yasiyo na chumvi yanatosha. Kila baada ya safari ya kivuko gari lisuuzwe siku hiyohiyo, uvungu ukianza, na matundu ya milango yazibuliwe kwa kijiti. Mwenye gari adai pia kukabidhiwa rangi iliyobaki ambayo haijatiwa hadina, ndani ya chupa iliyozibwa na kuandikwa namba yake, pamoja na prima kidogo, ili jiwe likichubua mdomo wa boneti, mchubuko uoshwe kwa maji ya mvua, ukaushwe, uguswe kwa prima na kisha kwa rangi kwa ncha ya brashi ndogo kabla jua halijatua.